Chale Nilizozifuta Usoni mwa Mama Yako

Kalemie, siku moja kabla ya treni yako

Feza mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kukwambia yote ya safari: chakula cha njiani, namna ya kufunga sanduku, nani wa kumsalimia treni ikisimama Nyunzu na nani wa kumkwepa. Sina la kuongeza hapo. Sasa hivi uko mtaa wa Kataki unaaga watu. Mimi nimefunga studio mchana kweupe, nimewarudisha hata mume na mke waliokuja wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa, nimekaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu mmoja mfupi, ili nikuandikie. Nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani ni huzuni. Huzuni ipo, lakini hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Wiki tatu sasa tunaishi nyumba moja kama wapangaji. Chai ipo? Ipo. Mlango umefungwa? Umefungwa. Basi. Tangu siku ile uliponivunjia penseli.

Acha nilirudie jambo lile, maana siku ile nilipiga kelele na sikusikia hata nusu ya uliyosema. Mama Zaina, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, alikuja kupigwa picha ya kumpelekea mwanawe aliye Kolwezi. Mimi nilikuwa nimeitwa kwenye biro ya zone, ofisi ya serikali, kupiga picha za vitambulisho, ukampokea peke yako. Hukumwekea nyuma yake kitambaa changu chenye ndege ya abiria iliyochorwa. Hukumwambia atulie. Ulimkalisha karibu na dirisha, ukaanza kupanga kamera polepole, kisha ukamwambia kwamba watu wanasema ndagala zake zina mchanga.

"Ndagala yangu mimi? Muchanga? Weye mutoto, sema tena nisikie vizuri!"

Hapo ndipo ulipobonyeza. Niliporudi, picha ilikuwa bado mbichi, inaning'inia kwenye kamba. Kidevu mbele, mkono mmoja hewani, jicho limebanwa, na pembeni mwa mdomo kicheko kimekwisha kuanza kwa sababu amegundua kwamba unamchokoza. Soko zima linaujua uso ule. Mwanawe angeupokea kule Kolwezi angesikia na sauti.

Na mimi nikafanya nini? Nikasema shingo ina mikunjo mingi. Nikachukua negatifu, nikachukua penseli yangu ya retushi, ya kurekebishia nyuso, ile niliyoichonga ncha mpaka ikawa sindano, nikakaa mezani niijaze mikunjo mmoja mmoja mpaka Mama Zaina awe na shingo ya msichana.

"Papa, acha."

"Muntu hawezi kutumwa Kolwezi na shingo ya namna hii."

Ukainyakua penseli mkononi mwangu, ukaivunja. Ukasema, "Mama ulisha kumuua na hii penseli. Na huyu naye unataka kumuua?"

Nikakufukuza studio. Siku ile ile ukaandika barua Lubumbashi kuomba kazi.

Siku tatu damu ilinichemka. Nilikuwa nakujibu kichwani nikioga, nikila, nikitembea mpaka bandarini na kurudi. Nilikwambia kwamba penseli ile ndiyo iliyokulisha, ndiyo iliyokusomesha kwa masista, na kwamba mtoto asiyejua kuchanganya dawa za kusafishia filamu bila kumwagia sakafu hana haki ya kunifundisha kazi. Majibu mazuri kabisa. Siku ya nne nikaishiwa majibu, na hasira ikabaki pale pale, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa mimi mwenyewe.

Basi nikuambie aliyekulea ni mpiga picha wa namna gani.

Unalikumbuka lile koti. Ilipoamriwa kwamba wanaume waache tai na kuvaa abakosti, koti lile lisilohitaji tai, wengi mjini hawakuwa nayo. Nikamwendea fundi, akanishonea moja, rangi ya majivu, kubwa ya kumtosha yeyote. Mnene alilivaa wazi, mwembamba nilimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mvuvi kutoka Zongwe alikuja na shati limekauka chumvi ya jasho, nikamvika koti. Karani, nikamvika koti. Dereva wa treni mwenye bega lililopinda kwa miaka ya kuegemea dirisha, nikamvika koti na kulinyoosha bega kwa mikono yangu miwili. Kisha maneno yangu matatu, yale uliyokuwa ukiyaigiza ukiwa mdogo mpaka jirani wanashika mbavu: "Shusha kidevu. Funga mudomo. Usitingishike." Wote walibana pumzi. Wote walitoka wakionekana kama watu wanaosubiri kusomewa hukumu.

Ingia nyumba yoyote ya mtaa wetu utazame ukutani. Koti lile lile, kifungo cha tatu hakipo, ndege ile ile nyuma. Na ndege yenyewe niliichora mimi ambaye sijawahi kupanda ndege, nikaitundika kuficha dirisha linalotazama ziwa. Ziwa hilo watu wamekua nalo, wanalivua, linawazika ndugu zao, na mimi nikawafunika lisionekane! Nikilifikiria hilo natamani kujipiga konzi.

Unakumbuka pia ile kesi ya wachumba, maana ulicheka mpaka ukatoka nje. Vijana wawili wa hapa walituma picha kwa familia moja Nyunzu, kila mmoja akimtaka binti yule yule, bila kujuana. Picha zilitoka kwenye bahasha zikachanganyika mezani, na wazee wakashindwa kujua yupi ni yupi. Koti moja, ndege moja, uso mmoja wa kubana pumzi. Wakachagua kwa kukisia. Binti akafika kituoni hapa, akamtazama mwanaume aliyekuja kumpokea na maua, akasema mbele ya watu, "Huyu haiko ule wa foto." Wote walimcheka kijana. Hakuna aliyekuja kunicheka mimi, na nilistahili.

Sikulazimishwa na mtu, Feza. Usije ukanitetea huko Lubumbashi kwamba zilikuwa nyakati ngumu. Amri ilisema abakosti. Haikusema mtu asicheke. Hilo nililiongeza mwenyewe, kwa sababu uso uliotulia ni kazi rahisi: unabonyeza mara moja, hauharibu filamu, mteja halalamiki. Na walioniambia, "Papa, unifanye mweupe kidogo," niliwafanya. Nilipunguza mwanga kwenye karatasi mpaka watu weusi kama mimi wakatoka na nyuso za unga wa muhogo, wakanishukuru. Walinishukuru! Mtu anakuja na uso aliopewa na mama yake, unampa mwingine, naye anakushika mkono kwa mikono miwili.

Sasa mama yako.

Nilimwona mara ya kwanza bandarini, ametoka Mpala na mtumbwi wa bidhaa, amesimama nyuma ya mkaguzi mmoja mwenye kitambi, anaigiza mwendo wake. Mkaguzi akigeuka, yeye anakuwa mtu wa sala. Akimpa mgongo, kitambi kinarudi. Watu walikuwa wanakufa kwa kucheka. Bibi yake alikuwa amemchanja chale tatu kila upande wa uso, hapa karibu na jicho, kwa desturi ya kwao, na mimi niliona jambo ambalo hata yeye hakulijua: zile chale zilipanda kabla mdomo haujafunguka. Utani wake ulianzia pale. Hasira yake pia. Akikasirika zilikaa kimya kabisa, na hapo ulikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta mlango. Wewe ulijifunza kuzisoma kabla hujajua kutembea. Akikuambia, "Leo hakuna kula," ulimtazama kando ya jicho, kisha ama ulilia ama ulicheka, na hukukosea hata siku moja.

Tulipooana nikampiga picha. Nilimvika kikwembe kipya cha kitenge, nikamweka mbele ya ndege. "Shusha kidevu. Funga mudomo." Akanitii, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Na hata hivyo, kwenye negatifu, zile chale zilikuwa zimeanza kupanda. Alikuwa anataka kunicheka mimi, mpumbavu niliyejificha nyuma ya kitambaa cheusi cha kamera.

Wakati ule mjini walimwita mushenzi kwa ajili ya chale hizo. Wake za makarani walimtazama uso wakanong'onezana. Nami nilitaka mke wa mpiga picha aonekane mtu wa mjini. Kwenye negatifu mambo yamegeuka, kinachong'aa usoni kinakuwa cheusi. Chale zake zilishika mwanga vizuri, zikawa vistari sita vyeusi. Nikavikwaruza kwa wembe. Vivuli vyake nikavijaza kwa penseli. Ilinichukua alasiri nzima, na nilikuwa najisifu moyoni kwa mkono wangu usiotetemeka.

Na redio, Feza! Redio ilikuwa imewashwa pale pale mezani. Ilikuwa inatuambia turudi kwenye mambo ya mababu zetu, tuache majina ya wazungu, tusionee haya asili yetu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha jina langu la ubatizo, nimevaa abakosti, naitikia kwa kichwa, huku mkononi nina wembe nakwaruza alama ya mababu kwenye uso wa mke wangu. Sijui kama kuna mtu mjinga kuliko huyo katika Zaire nzima. Kama yupo ningependa kumwona.

Nikampelekea picha. Aliitazama. Halafu akaiegemeza kwenye jiwe la mekoni, akafuta mikono, akakaa. "Huyu muke wako mupya ni muzuri sana," akasema. "Basi mwambie apike leo."

Nilicheka. Nilidhani ni utani mtupu. Siku ile tulilala na njaa, na bado sikuelewa. Baadaye nikamwahidi kwamba nitampiga nyingine, na nikaendelea kuahidi. Filamu zilikuwa adimu, kila moja ilikuwa ya mteja. Miaka tisa niliishi na uso ule, na mashine ya kuuhifadhi ilikuwa mita nne kutoka mekoni.

Alipofariki ulikuwa na miaka minane. Watu wa matanga wakaniomba picha ya kuweka juu ya sanduku la maiti. Nilikuwa na hiyo tu. Nikaikuza, nikaitia fremu, nikaiweka. Wewe ukaletwa na shangazi yako, ukaambiwa, "Aga mama." Ukaitazama. Ukatazama kando ya jicho, pale ulipozoea kutazama, upande mmoja, halafu upande wa pili. Ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu haiko mama."

Shangazi akakuambia, "Nyamaza, ni mama yako."

"Hapana. Mama iko wapi? Huyu ni nani?"

Nikainuka nikakuzaba kibao. Mbele ya watu wote, mbele ya sanduku la mama yako. Hata hukulia. Na tangu siku ile hukuniuliza tena, nami sikukueleza, mpaka uliponivunjia penseli.

Nilirudi kwenye ile negatifu mara nyingi, nataka ujue. Nimeiosha, nimeifuta penseli yote. Lakini palipokwaruzwa na wembe pamekwaruzwa. Pale pana filamu tupu, hakuna kitu. Hakuna sanduku la siri, hakuna picha ya pili niliyoificha. Mtu pekee anayeweza kuonyesha mama yako alivyokuwa ni wewe unaponiudhi, ukiinua nyusi kabla ya kusema, na hujui kwamba unafanya hivyo.

Ulipomsomea shangazi barua ya yule bwana wa Lubumbashi, mwenye studio aliyekupa kazi, nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisikia. "Sifa za Papa yako kwa retushi zimefika hata huku. Natumaini mkono huo umeurithi." Nilitaka kuja kuichana. Kumbe ndiyo sifa niliyoiachia dunia, na sasa inatangulia mbele yako kama harufu! Atakuwekea nyuso mezani atakuambia lainisha, na wewe ni mgeni, huna ndugu pale, utahitaji kazi. Sikuambii umvunjie penseli siku ya kwanza. Nakuomba kitu kimoja ambacho mimi sikukifanya: kabla hujagusa negatifu, chapa picha moja kama ilivyo. Iweke. Mteja achukue ile iliyolainishwa aondoke na furaha yake. Siku moja mtu atakuja na macho mekundu kutafuta ile nyingine, na utakuwa nayo.

Mengine unayajua kuliko mimi, nami nayaandika kwa wivu. Unajua kwamba mtu akiambiwa atulie, anayetulia ni mtu mwingine. Unajua kumkalisha dirishani mwanga umpate ubavuni, na ngozi nyeusi ikapata milima na mabonde yake bila unga wala fleshi. Kuna moja nililiona miaka yote nikalipuuza, na nakupa. Baada ya kubonyeza, mtu hushusha pumzi. Mabega yanaanguka, anajikuna shingo, anamtazama aliyekuja naye kana kwamba anasema, tumepona. Uso wenyewe huja wakati huo. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kugeuka navua koti la mteja. Wewe usigeuke. Kaa pale pale na kidole kwenye kamera.

Na mtu akija na hasira, mpige na hasira yake. Akija amenuna, usimfanyie vichekesho. Nimechoka na picha za watu wema. Mji huu una wagomvi, waongo, wachekeshaji, wanawake wanaosonya mpaka mbwa anakimbia, wazee wanaojipenda kupita kiasi, na mimi nimewakabidhi wajukuu wao ukuta wa makaburi ya rangi ya majivu, wote wamefunga mdomo. Sitapata muda wa kuwarudia. Wengine wamekwisha kufa wakiwa ndani ya koti langu.

Koti lenyewe usilitafute. Nimelikunja nikaliziba chini ya mlango wa chumba cha giza, linazuia mwanga usiingie. Hatimaye limepata kazi halali.

Barua hii nitaiweka chini ya kamera yako, uisome kesho kabla ya chai. Kitambaa cha ndege nimekiteremsha. Dirisha liko wazi, ziwa linaonekana mpaka jicho linapoishia, na kiti hiki kibovu nimekisogeza pale asubuhi inapoingia. Kwenye kamera nimekuachia filamu yenye picha mbili. Sina picha yangu zaidi ya ile ya kitambulisho, na katika ile nimevaa koti unalolijua. Nimewakalisha watu wa mji huu wote mbele ya kamera, na mwenyewe nimekwepa miaka yote, kwa sababu najua kinachofanyika nyuma yake.

Sitaki uondoke na Papa wa kukisia. Mzazi mmoja ulishampoteza kwa njia hiyo.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kituo, nikalishe. Nitavaa shati langu la kazi lenye madoa ya dawa. Nitakuwa nimekasirika, na jicho langu hili la kushoto litakuwa linalia lenyewe kama kawaida yake, liache. Usiniambie nishushe kidevu. Picha ya kwanza piga utakavyo, nitabana pumzi, najijua. Kisha niulize kwa nini nilikuzaba kibao siku ile. Jibu sijaliandika humu makusudi. Nikifungua mdomo kukujibu, Feza, usingoje nimalize. Bonyeza.

Papa yako